Kilo za Goma

Katika miaka niliyorusha ndege kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, sikugombana na hali ya hewa kama nilivyogombana na magunia. Mvua huwa inaonekana inakuja. Gunia la viazi lililoandikwa kilo mia haliko wazi hivyo. Linaletwa na kijana mwenye haraka, limefungwa lumbesa, mdomo umeshonewa kamba juu ya matawi ya mkalitusi, na ukiliweka kwenye mizani linasoma mia na ishirini. Hapo ni kama mizani ipo. Viwanja vingi vya ndege vya eneo la Kivu havikuwa nayo, au ilikuwepo na ufunguo wa chumba chake uko kwa mtu aliyekwenda msibani.

Mimi ni mtu wa Cyanzarwe, sekta ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda inayopakana na Kongo, upande wa juu wa mji wa Gisenyi. Huku udongo ni mweusi wa volkano, na watu wanalima viazi, vitunguu na karoti katikati ya kuta za mawe ya lava. Nimerudi kuishi hapa baada ya leseni yangu kuzeeka pamoja nami. Sheria ya kimataifa inamruhusu rubani kubeba abiria wa kulipa hadi miaka 65 akiwa na rubani mwenzake, na 60 akiwa peke yake. Vijana wa jirani wananiuliza kwa nini ndege za ng'ambo ya mpaka zilianguka mara nyingi hivyo. Wengine wanajibu wenyewe kabla sijafungua mdomo: Warusi walikuwa walevi, Wakongo hawajali, mlima una mashetani. Mimi nasema ni kilo. Nikipitia historia ya urubani wa eneo hili tangu nilipoijua, naiona ni historia ya kilo na ya nani alikuwa na mamlaka ya kuzihesabu.

Nianze na hewa yenyewe. Uwanja wa Goma uko mita 1,551 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya viwanda vya ndege vinaanza hesabu baharini, kwenye nyuzi 15, na vinatarajia joto lipungue kadiri unavyopanda. Kwa urefu wa Goma vingetaka nyuzi kama 5. Lakini saa nane mchana Goma inasoma 25. Hewa ikipata joto inatawanyika, na ndege inajiona kama iko karibu mita 2,300. Kwa hesabu ya uzito wa hewa, kama sehemu moja ya tano imetoweka. Bawa linakosa cha kuegemea, pangaboi linakosa cha kukamata, injini inakosa cha kuvuta.

Sasa tazama kinachotokea chini. Tuseme ndege yako inainua pua kwenye kasi ya noti 85. Saa ya kasi inapima msukumo wa hewa, kwa hiyo pale Goma utasubiri mpaka isome 85 kama kawaida. Lakini kwa kuwa hewa ni nyepesi, magurudumu wakati huo yanakimbia kama noti 95. Unahitaji njia ndefu zaidi kuifikia kasi hiyo, na unaifikia polepole kwa sababu injini nazo zimepungukiwa. Na ukiamua kusimama, breki zinapaswa kumeza nguvu iliyozidi kwa robo nzima, maana nguvu ya mwendo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Haya yote ni kabla hujaongeza kilo 20 za uongo kwenye kila gunia.

Kila ndege kubwa ina kasi ya uamuzi. Kabla ya kuifikia, tatizo likitokea unasimama. Ukiipita, unaondoka nalo hewani. Hesabu yake inategemea uzito ulioandikwa kwenye karatasi. Karatasi ikidanganya, kasi hiyo inakuwa namba ya bahati nasibu, na kapteni anaisema kwa sauti ya uhakika kana kwamba ni kweli.

Marubani wa rika langu tulifundishwa jambo hili kwa ajali ya Addis Ababa. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege ya VC10 ya East African Airways ilikuwa ikiondoka uwanja wa Bole kwenda London ikiwa na watu 107. Bole ni juu kuliko Goma, zaidi ya mita 2,300. Ikiwa kwenye mbio, gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma, kikalio cha jeki kilichoachwa njiani na ndege ndogo ya Cessna, na tairi likapasuka. Marubani wakaamua kusimama. Breki hazikufanya kazi inavyotakiwa, kwa sababu katika matengenezo ya nyuma baadhi ya vifaa vya mfumo wake vilifungwa vibaya. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka na kuwaka. Walikufa watu 43. Mkufunzi wangu pale Wilson, Nairobi, alikuwa akitueleza ajali hiyo bila kumtaja rubani hata kidogo. Alikuwa anauliza tu: jeki ya nani, na nani alifunga breki?

Wilson ndiyo shule ya wengi wetu tuliotaka kuruka milimani. Bi Florence Kerr Wilson, mjane wa Kiingereza aliyekuwa akiishi Kenya, alianzisha Wilson Airways mwaka 1929 kwa ndege ndogo za mbao na turubai, na uwanja ule ukabaki na jina lake. Uko juu kuliko Goma, na njia zake ni fupi, kwa hiyo mwanafunzi anakua akijua kwamba saa saba mchana si saa ya kuondoka umejaa. Wengine walipitia Soroti, Uganda, chuo kilichofunguliwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika la ndege la Jumuiya lilikuwa hai tangu 1946, likafa mwaka 1977, na Jumuiya ikafa nalo, lakini chuo kikabaki. Hata Esther Mbabazi, Mnyarwanda wa kwanza mwanamke kuwa rubani wa ndege za abiria, alianzia Soroti kabla ya kwenda Marekani na kurudi kurusha ndege za RwandAir. Baba yake alifariki katika ajali ya ndege iliyopitiliza njia huko Kongo, yeye akiwa mtoto. Hata hivyo binti akachagua kuwa rubani. Ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa kuwa wa kwanza.

Upande wetu wa mpaka, mambo yalikuwa madogo na ya utulivu. Gisenyi ina uwanja wake, njia ya lami ya kama kilomita moja, umbali mfupi tu mashariki ya ule wa Goma. Air Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa ikileta Twin Otter kutoka Kigali. Ile ni ndege ya injini mbili yenye magurudumu yasiyokunjwa, isiyo na makuu. Kilomita moja inaitosha na chenji inabaki. Lakini barabara ya lami ilipofika, basi lilishinda ndege kwa nauli, na mbuzi wakauzoea uwanja. Marubani wageni waliokuwa wanaelekea Goma kwa mara ya kwanza tuliwaonya: ukitokea ziwani utaona njia mbili za ndege, moja fupi na moja ndefu, usije ukateremsha ndege kubwa Rwanda.

Njia ndefu ya Goma ilikuwa na mita 3,000. Inaelekea kaskazini na kusini. Kaskazini ardhi inapanda moja kwa moja hadi Nyiragongo, mita 3,470. Kusini kuna mitaa ya Birere iliyobanana, kisha ziwa. Kwa hiyo desturi ya pale ni ya lazima: unatua ukitokea ziwani na uso ukiutazama mlima, na unaondoka ukiupa mlima kisogo, juu ya mabati ya Birere. Ukishapaa unakata kulia, maana kushoto ni Rwanda mara moja. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Unakusaidia kuondoka, lakini unapotua unakusukuma mgongoni, na upepo wa mgongoni unakula njia. Na ukichelewa kuamua kupaa tena, mbele yako ni mlima. Wakati wa mita 3,000 haya yote yalivumilika.

Julai 1994 uwanja huo ulijulikana dunia nzima. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, umati wa watu wapatao milioni ulivuka kutoka Gisenyi ndani ya siku chache, wakiwemo wanajeshi walioshindwa vitani pamoja na wanamgambo wa Interahamwe wenye damu mikononi. Kipindupindu kikaanza. Wafaransa walikuwa tayari wameufanya uwanja wa Goma kituo cha operesheni yao ya Turquoise; Wamarekani wakaja, na ndege za mizigo za mataifa mengi zikafuatana usiku na mchana. Wamarekani walijaribu pia kudondosha chakula kwa miamvuli upande wa kambi ya Katale, na mizigo mingine ikaanguka mbali na ilipokusudiwa. Sitaki kuliongelea zaidi eneo hilo. Wapo wanaolijua kwa uchungu kuliko mimi. Kwa mtu wa kazi yangu, kilichobaki baada ya misaada ni soko. Goma ilikuwa imezoea ndege kubwa, na wenye ndege walikuwa wameizoea Goma.

Ndipo wakaja wale tuliowaita Warusi, ingawa wengi walikuwa Waukraine na watu wa nchi nyingine za uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Muungano ulivunjika mwaka 1991, ndege zake zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na marubani wake wakazifuata ndege. Antonov kubwa na ndogo, pamoja na Let 410 za kutoka Czechoslovakia, zikawa ndio mabasi ya Kivu. Niliruka nao. Waliokuwa walevi walikuwepo, kama walivyokuwepo katika kila taifa nililofanya nalo kazi. Lakini mikono yao ilikuwa ya dhahabu. Saa zao zilisoma mita na kilomita, wakati mnara uliongea Kifaransa na kutoa amri kwa futi. Katikati ya mawingu ya Masisi, mtu anageuza futi 9,000 kuwa mita kichwani huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Kwenye mguu alifunga kikaratasi cha hesabu kilichochakaa hadi namba zimefutika, na hakukitazama.

Bei ya madini ya koltani ilipanda mwaka 2000, kisha ikaja zamu ya kasiteriti, madini ya bati, kutoka Walikale. Kwa anga, Walikale ni kama kilomita 130 tu. Kwa barabara ya wakati ule ilikuwa ni siku nyingi za tope na vizuizi vya watu wenye bunduki. Kwa hiyo ndege ndogo zilikuwa zinatua Kilambo, na Kilambo hapakuwa na uwanja: ni kipande cha barabara ya lami. Wanajeshi walizuia magari na waenda kwa miguu, ndege ikashuka barabarani, ikapakia, ikageuka, ikaondoka. Msitu uko pande zote mbili. Let 410 ya aina iliyokuwa maarufu huko inaruhusiwa kuondoka na kilo 6,400 kwa jumla. Toa ndege yenyewe, toa mafuta ya kwenda na kurudi, toa marubani wawili. Unabaki na tani moja na nusu hivi kwa siku nzuri. Na kasiteriti ni nzito ajabu. Mfuko mdogo ambao macho yanaupuuza unabeba kilo 50. Ndege inaonekana tupu, sakafu tu imetandikwa vifuko, na mwenye mali anakasirika: mbona kuna nafasi? Kumweleza kwamba ndege hujaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa nafasi ilikuwa ni somo la kila asubuhi.

Hapa ndipo lazima niseme jinsi tulivyolipwa, maana hakuna anayeandika habari hiyo. Katika kampuni nyingi ndogo mshahara wa mwezi ulikuwa kidogo, au hadithi. Fedha halisi ilikuwa ya rotasioni: kwenda na kurudi ni moja, unalipwa kwa hiyo moja. Rotasioni nne kabla ya mvua ya alasiri ni nzuri kuliko tatu. Rubani anayesema "shusheni mifuko sita" anakata riziki ya msaidizi wake, ya fundi, ya mpakiaji, na yake. Na jioni mwenye ndege anampigia simu mwingine. Ulaya sheria inamzuia rubani kupita saa 900 za kuruka kwa mwaka wa kalenda, na kuna ofisi inayohesabu. Kwetu kitabu cha saa kilikuwa mali ya rubani mwenyewe. Vijana walikikuza ili wafike saa 1,500 zinazohitajika kwa leseni ya juu kabisa, wazee wakakipunguza ili waonekane wamepumzika. Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi, karatasi ya uzito ilikuwa inapigwa nakala usiku uliotangulia, imeshasainiwa, uzito uleule kila siku, abiria wakiwa kumi au kumi na tisa.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ukaingia katika hesabu. Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikashuka na kupita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wapatao laki tatu wakakimbia, wengi wakija huku Gisenyi. Kwa upande wa uwanja, lava ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia, karibu kilomita nzima. Ilipopoa ikawa mwamba mweusi wenye meno. Mita 3,000 zikawa kama 2,000, na ndege zilezile zikaendelea kuja: Boeing 727, DC-9, Antonov kubwa. Hewa ni ileile nyepesi, mlima uko palepale, Birere imezidi kubanana, na nafasi ya kukosea imekatwa kwa theluthi.

Matokeo yake yameandikwa. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilijaribu kuondoka kuelekea kusini, haikupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere, kwenye nyumba na maduka ya watu. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa chini, kwenye shughuli zao za mchana. Mwezi Novemba 2009, MD-82 ya kampuni ya CAA ilitua kutoka ziwani, haikuweza kusimama, ikaenda kukwama juu ya lava. Machi 2013 Fokker 50 ilianguka ikikaribia mji katika hali mbaya ya hewa. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya Busy Bee iliyokuwa ikienda Beni iliangukia mtaa wa Mapendo mara tu baada ya kuondoka, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba ajali hizi zote sababu yake ni uzito. Kila moja ina yake, na sikuwa mpelelezi wa yoyote. Ninachosema ni kwamba uwanja uliofupishwa, katika hewa kama ile, unakugeuzia kila kasoro ndogo kuwa msiba. Mahali pengine ungesimama kwenye majani na kumsubiri fundi.

Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2006 kuchapisha orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku katika anga yake, na karibu yote ya Kongo yakaingizwa humo. Orodha hiyo iliwatia aibu mawaziri, lakini haikumfikia mpakiaji wa Kilambo. Kilichopunguza rotasioni za madini kwa ghafla ni amri ya Rais Kabila ya Septemba 2010 iliyosimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema kwa miezi kadhaa. Ndege zikakaa. Warusi wengi wakahamia Sudan na kwingineko. Wengine walikuwa wameoa Goma, wakabaki, na watoto wao wanaongea Kiswahili cha Birere vizuri kuliko mimi.

Lava ilianza kuondolewa kwenye njia baada ya miaka mingi, kwa fedha za Wajerumani kwanza, kisha Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 52 mwaka 2015 kwa ajili ya usalama wa uwanja ule. Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Lava ikasimama karibu na uwanja, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi huku Rubavu. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 wakauchukua mji wa Goma, na ndege za abiria zikakoma.

Siku uwanja huo utakapofunguliwa kwa safari za kawaida, kutakuwa na hotuba, utepe, na lami mpya. Nawaomba watakaohusika, wawe wa serikali gani au wa shirika gani, waanze na vitu viwili ambavyo si vya gharama. Mizani ya mizigo ikae mlangoni, iwe wazi, na ufunguo wake usikae kwa mwenye ndege. Na rubani alipwe kwa mwezi, asilipwe kwa rotasioni, ili akisema "shusheni mifuko sita" mkono wake usiwe unaiba chakula cha wanawe. Mambo hayo mawili tuliyaomba miaka mingi kabla ya lava ya 2002, na hatukuyapata.